Historia ya Kupima kwa Pembetatu Mraba: Kutoka Mbinguni Hadi Ardhini

Katika vitabu vya shule, somo la trigonometria, yaani tawi la hisabati linalochunguza uhusiano wa pande na pembe za pembetatu, huanza na pembetatu mraba, ile ambayo pembe yake moja ina digrii 90. Mwanafunzi hufundishwa kwamba upande mrefu kuliko zote, ule unaoitazama pembe mraba, huitwa hipotenusi. Kisha huelezwa kwamba ikichaguliwa moja ya pembe mbili zilizosalia, upande unaoitazama pembe hiyo ukigawanywa kwa hipotenusi hutoa saini ya pembe, upande jirani ukigawanywa kwa hipotenusi hutoa kosaini, na upande unaoitazama ukigawanywa kwa upande jirani hutoa tanjenti. Baada ya hapo huja mifano ya minara, miti na ngazi zilizoegemezwa ukutani, na mwishoni kabisa, kwa wale wanaoendelea na masomo, huja duara. Mpangilio huo unafaa kwa kufundishia, lakini historia yenyewe ilikwenda kinyume chake. Elimu hii ilizaliwa ndani ya duara, ikalelewa na watu waliohesabu mwendo wa jua na nyota, na zaidi ya miaka 1,600 ilipita kabla ya mtu kuandika kitabu kinachozieleza saini na kosaini kwa pande za pembetatu peke yake, bila kulitegemea duara. Katika muda huo wote, kilichoiunganisha zaidi na ardhi kilikuwa kivuli.

Ni kweli kwamba wajenzi walitumia uwiano wa pande za pembetatu mraba zamani sana kabla ya kuwapo kwa trigonometria yenyewe. Mafunjo ya Rhind, hati ya hesabu ya Kimisri iliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes yapata miaka 3,500 iliyopita na ambayo sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, ina maswali kadhaa juu ya mteremko wa piramidi. Wamisri walipima mteremko kwa kipimo kilichoitwa seked, nacho kilieleza ni upana wa viganja vingapi uso wa piramidi unaingia ndani kila unapopanda dhiraa moja, na dhiraa moja ya kifalme ilikuwa na viganja 7. Swali la 56 la hati hiyo linahusu piramidi yenye kitako cha dhiraa 360 na kimo cha dhiraa 250. Mwandishi anachukua nusu ya kitako, dhiraa 180, anaigawanya kwa 250, kisha anazidisha kwa 7, na kupata viganja 5 na sehemu moja ya ishirini na tano. Msomaji wa leo ataona kwamba huo ni uwiano wa pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba, jambo ambalo halitofautiani na tanjenti ila kwa kugeuza kigawanyo na kigawanywa. Hata hivyo Ahmes hakuuliza pembe ya mteremko ni digrii ngapi, na hapo ndipo penye mpaka kati ya ustadi wa waashi na elimu inayozungumziwa hapa, kwa sababu trigonometria huanza pale pembe yenyewe inapopewa namba, na namba hiyo ikafungwa na urefu kwa jedwali ambalo mtu yeyote aweza kulisoma.

Jedwali la kwanza la aina hiyo linalojulikana katika historia linahusishwa na Hipparchus, mnajimu wa Kiyunani wa karne ya 2 KK. Kazi yake hiyo imepotea, na inajulikana kupitia waandishi waliomfuata, mkubwa wao akiwa Claudius Ptolemy, aliyeishi Alexandria nchini Misri katika karne ya 2 BK. Ptolemy hakuijua saini. Alichokipima kilikuwa uzi wa tao, yaani mstari ulionyooka unaounganisha ncha mbili za kipande cha mzingo wa duara kama uzi unavyounganisha ncha za upinde. Alichukua duara lenye nusukipenyo cha sehemu 60, akakokotoa urefu wa uzi kwa kila tao kuanzia nusu digrii hadi digrii 180, akipanda kwa nusu digrii kila mara, akapata safu 360 za namba.

Inafaa kuona jinsi jedwali hilo lilivyotumika, maana ndipo uzito wa njia hiyo unapoonekana. Tuseme kuna pembetatu mraba yenye pembe ya digrii 30, na hipotenusi yake inajulikana. Ptolemy aliichora ndani ya nusu duara, hipotenusi ikawa kipenyo chenye sehemu 120, kisha akaiongeza pembe maradufu, kwa kuwa pembe iliyo kwenye mzingo ni nusu ya ile ya katikati ya duara. Tao likawa la digrii 60, na jedwali likamwambia kwamba uzi wake ni sehemu 60. Kwa hiyo upande unaoitazama pembe ni 60 katika kila 120 za hipotenusi, yaani nusu yake. Jibu ni sahihi kabisa, lakini njia ni ndefu, na mnajimu aliyekuwa akikokotoa mahali pa sayari alilazimika kurudia kuongeza maradufu na kugawanya nusu kwa nusu katika kila hatua ya hesabu yake.

Waliouondoa mzigo huo ni wanajimu wa Bara Hindi. Aryabhata, katika kitabu chake alichokiandika mwaka 499, alitoa thamani 24 za nusu ya uzi wa tao badala ya uzi mzima, zikiwa zimepangwa kwa hatua ya digrii 3 na dakika 45, ambapo dakika ni sehemu ya sitini ya digrii. Nusu ya uzi ndiyo saini. Ukichora nusu hiyo ndani ya duara, pembetatu mraba inajitokeza yenyewe: hipotenusi ni nusukipenyo, upande wa pili ni nusu ya uzi, na upande wa tatu unalala juu ya kipenyo. Aryabhata aliweka nusukipenyo kuwa 3,438, kwa kuwa mzingo wenye dakika 21,600 una nusukipenyo cha takriban kiasi hicho, na hivyo urefu na pembe vikapimwa kwa kizio kimoja. Katika jedwali lake digrii 30 zina 1,719, nusu kamili ya 3,438. Ni vigumu kutaja badiliko jingine dogo namna hii lililowapunguzia wakokotoaji kazi kwa kiasi kikubwa kama hiki.

Elimu ya Wahindi na ile ya Wayunani zilikutana Baghdad katika karne ya 8 na ya 9, chini ya makhalifa wa Bani Abbas, na hapo ndipo kivuli kilipoingia katika hesabu kwa hadhi kamili. Kijiti kilichosimamishwa wima juani, kivuli chake kilichonyooka chini, na mwale wa jua unaounganisha ncha zao hufanya pembetatu mraba ambayo kila mtu anaweza kuiona. Wanahisabati wa Kiislamu walikigawa kijiti katika vidole 12, au pengine katika nyayo 7, wakaandika urefu wa kivuli kwa kila kimo cha jua. Habash al-Hasib, aliyefanya kazi katika karne ya 9, alitunga jedwali la vivuli la namna hiyo, na jedwali hilo kwa hakika ni jedwali la tanjenti. Karne iliyofuata Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyefariki mwaka 998, alizikusanya saini, tanjenti na ndugu zao katika mfumo mmoja, kila moja ikielezwa kwa uhusiano wake na nyingine.

Haja iliyosukuma kazi hii haikuwa ya unajimu mtupu. Wakati wa sala ya alasiri hutambuliwa kwa kivuli: kwa mafaqihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu hicho baada ya kuongezwa kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Kanuni hiyo inahitaji kijiti na jicho tu, lakini ukitaka kujua mapema saa yenyewe kwa kila siku ya mwaka, huna budi kuingia katika trigonometria. Unguja, iliyo takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, inaonyesha jambo hili vizuri sana. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini, kivuli cha kijiti hutoweka, na kwa hiyo alasiri ya siku hizo huingia jua likiwa kwenye kimo cha digrii 45 barabara, pembe ambayo tanjenti yake ni 1. Mwezi Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, kijiti cha vidole 12 huwa na kivuli cha karibu vidole 7 hata adhuhuri, nacho huelekea kusini. Alasiri basi husubiri kivuli kifike karibu vidole 19, na jua wakati huo huwa limeshuka chini ya digrii 33. Desemba kivuli cha adhuhuri hugeuka na kuelekea kaskazini, kikiwa kifupi zaidi, karibu vidole 4. Ratiba za sala zinazobandikwa misikitini zimejengwa juu ya hesabu hizo hizo.

Mtu aliyekichunguza kivuli kwa undani wa pekee, na ambaye anastahili nafasi kubwa kuliko wengine wote katika historia hii, ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, kusini mwa Bahari ya Aral. Aliandika kitabu kizima juu ya vivuli, kuanzia sifa zake za kijiometria hadi nyakati za sala, na kitabu kingine, alichokikamilisha mwaka 1025, juu ya namna ya kubainisha mahali pa miji, lengo lake la mwisho likiwa kupata kibla cha mji wa Ghazna. Katika kitabu hicho cha pili ndimo alimoeleza jinsi alivyoupima ukubwa wa dunia kwa kilima kimoja na pembe tatu.

Kabla yake khalifa al-Ma'mun alikuwa amewatuma wapimaji katika uwanda wa Sinjar, nao walitembea kwa mstari ulionyooka kaskazini na kusini hadi kimo cha nyota kikabadilika kwa digrii moja, wakapima mwendo wao kwa kamba. Biruni alitafuta njia isiyomlazimu mtu kuvuka majangwa. Akiwa katika ngome ya Nandana, katika Punjab ya Pakistan ya leo, aliona kilima kinachosimama juu ya uwanda mpana ulio tambarare, akaona kwamba kinamtosha.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupata kimo cha kilima ambacho shina lake halifikiki, kwa kuwa mstari wa wima kutoka kileleni huzama ndani ya mwamba. Kwa hiyo alipima pembe mwinuko ya kilele, yaani pembe kati ya usawa wa macho na mstari wa kukitazama kilele, kutoka sehemu mbili za uwandani zilizo kwenye mstari mmoja na kilima, akapima pia umbali kati ya sehemu hizo. Hapo hupatikana pembetatu mraba mbili zinazoshirikiana upande wa wima. Kila moja hueleza umbali wake hadi kwenye mstari huo wa wima kwa kimo na tanjenti ya pembe, na tofauti ya umbali huo wa aina mbili ni ule alioupima kwa miguu, basi kimo hubaki peke yake kuwa kisichojulikana. Alipata dhiraa 652 na kidogo.

Hatua ya pili ndiyo iliyomfanya akumbukwe. Alipanda juu ya kilima na kupima jinsi upeo wa macho ulivyoinama chini ya usawa, akapata dakika 34, zaidi kidogo ya nusu digrii. Mstari wa jicho unaougusa uso wa dunia kwenye upeo hufanya pembe mraba na nusukipenyo cha dunia kinachofika mahali hapo. Hivyo kuna pembetatu mraba kubwa isiyo na mfano, yenye pembe moja katika kitovu cha dunia, ambayo hipotenusi yake ni nusukipenyo cha dunia pamoja na kimo cha kilima, na upande jirani ni nusukipenyo chenyewe. Pembe ya kitovuni ni sawa na ile ya mwinamo wa upeo. Kosaini ya dakika 34 basi ni uwiano wa nusukipenyo kwa nusukipenyo kilichoongezewa dhiraa 652, na kutokana na uwiano huo Biruni alikokotoa kuwa nusukipenyo cha dunia ni dhiraa 12,803,337 na sehemu kidogo.

Mara nyingi huandikwa kwamba jibu lake lilikosea kwa chini ya sehemu moja katika mia. Sifa hiyo imetolewa kwa haraka mno, na Biruni haihitaji. Urefu wa dhiraa yake haukubaliwi na wataalamu wote, na ukichagua dhiraa fupi au ndefu kidogo usahihi hubadilika upendavyo. Mwanga nao hupinda unapopita katika hewa iliyo karibu na ardhi, na mpindo huo huathiri pembe ndogo kama ile kwa kiasi kisichopuuzwa. Tena kosaini ya pembe ndogo iko karibu sana na 1, kiasi kwamba kosa la tarakimu ya mwisho katika jedwali husogeza jibu kwa mamia ya maelfu ya dhiraa. Ukubwa wa Biruni uko katika fikra yenyewe: kwamba mtu mmoja, bila kuondoka mahali alipo, anaweza kuifunga dunia yote ndani ya pembetatu moja.

Mnamo karne ya 13 Nasir al-Din al-Tusi, aliyesimamia kituo cha kuangalia nyota cha Maragha nchini Iran, aliandika kitabu kilichoishughulikia trigonometria kama elimu inayojitegemea, kikieleza kwa utaratibu namna ya kupata pande na pembe zisizojulikana za pembetatu za bapa na za tufe. Kuanzia hapo haikuwa tena sura ya utangulizi katika vitabu vya unajimu.

Wakati wasomi wakiandika majedwali, mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na pembetatu mraba yao mkononi. Chombo chao, kiitwacho kamal, kilikuwa ubao mdogo wa mstatili wenye uzi uliopenyezwa katikati yake. Rubani aliunyoosha mkono, akauweka ukingo wa chini wa ubao kwenye upeo wa bahari na ukingo wa juu kwenye nyota, huku uzi akiushika kwa meno. Nusu ya kimo cha ubao na urefu wa uzi ni pande mbili za pembetatu mraba, na uwiano wao ni tanjenti ya nusu ya kimo cha nyota. Uzi ulifungwa mafundo, kila fundo likiwa la kimo kilichojulikana, hata rubani hakuhitaji kukokotoa chochote, kwa kuwa mafundo yalikuwa jedwali lake. Kizio cha vimo kilikuwa kidole, ambacho ni zaidi ya digrii moja na nusu. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa Julfar katika Ghuba, aliandika mwishoni mwa karne ya 15 juu ya kupima nyota kwa namna hiyo, na mojawapo ya tungo zake inahusu safari ya hadi Sofala kupitia pwani ya Waswahili. Kusini mwa ikweta nyota ya Kaskazini huzama chini ya upeo, na hivyo marubani walihamia kwenye nyota jirani zilizo juu zaidi. Mwanahistoria Mreno João de Barros, akieleza safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498, anasimulia kwamba rubani aliyepatikana Malindi hakushangazwa na ala za Wareno, bali alieleza ala za kwao, miongoni mwazo ikiwamo ya mbao tatu.

Ulaya, iliyoipokea elimu hii kwa kiasi kikubwa kupitia maandishi ya Kiarabu, iliongeza jambo moja ambalo ndilo linalojaza daftari za wanafunzi hadi leo. Mwaka 1551 Georg Joachim Rheticus, mwanafunzi wa Copernicus, alichapisha majedwali ambamo saini na wenzake zilielezwa moja kwa moja kwa pande za pembetatu mraba, duara likiwa limeachwa kando. Mwaka 1595 Bartholomaeus Pitiscus alichapisha kitabu kilichoipa elimu hii jina lake la trigonometria, na mwaka 1614 John Napier alitoa logarithimu, ambazo ziligeuza kuzidisha kuwa kujumlisha na hivyo kuifanya hesabu ya pembetatu iwe kazi ya dakika badala ya saa. Tangu hapo macho ya wapimaji yalianza kushuka kutoka mbinguni hadi ardhini. Mwanzoni mwa karne ya 17 Willebrord Snellius alipima umbali kati ya Alkmaar na Bergen op Zoom nchini Uholanzi kwa mnyororo wa pembetatu zilizopangwa juu ya minara ya makanisa. Katika njia hiyo upande mmoja tu hupimwa chini kwa uangalifu mkubwa, na pande nyingine zote hutolewa kwa pembe. Pembetatu hizo aghalabu hazina pembe mraba, lakini kanuni inayozitatua hupatikana kwa kushusha mstari wa wima kutoka ncha moja hadi upande wa pili, pembetatu moja ikawa mbili, kila moja ikiwa mraba.

Mnyororo mrefu kuliko yote barani Afrika ulifuata longitudo ya digrii 30 mashariki, inayopita mkoa wa Kigoma, Burundi, Rwanda na magharibi mwa Uganda. Wazo lilitolewa mwaka 1879 na David Gill, mnajimu wa serikali ya Uingereza huko Cape, ambaye alitaka pembetatu zianze kusini mwa bara na kufika Cairo. Kipande cha Uganda kilipimwa mwaka 1908 na 1909. Katika Tanganyika kazi ilifanyika katika miaka ya 1930, ikianza chini ya Martin Hotine, na pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Ilikuwa kazi ya wakoloni kwa haja za wakoloni, na wapagazi waliobeba ala na mahema hadi vileleni, pamoja na wale waliofyeka misitu ili kilima kimoja kionekane kutoka kingine, hawakuandikwa majina katika ramani. Matokeo yake yamedumu kuliko tawala zilizoyaagiza: mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, uliojengwa juu ya mnyororo huo, ndio uliobeba ramani za Kenya, Uganda na Tanzania baada ya uhuru.

Kimo cha Kilimanjaro nacho kilipatikana kwa njia hiyo hiyo ya pembe, hesabu ya mwaka 1952 ikatoa mita 5,895. Mlima ulio umbali wa kilomita 50 haupimwi kwa kuzidisha tu umbali kwa tanjenti ya pembe mwinuko, kwa sababu katika umbali huo dunia yenyewe imejipinda kwa karibu mita 200, na mpindo wa mwanga hewani lazima nao uondolewe. Tena kosa la dakika moja katika pembe huleta kosa la zaidi ya mita 14 kileleni. Mwaka 1999 vipimo vya setilaiti vilitoa mita 5,892. Tofauti hiyo ya mita 3, ikitazamwa kutoka kilomita 50, ni pembe ya sekunde 12 tu, na sekunde ni sehemu ya sitini ya dakika. Vitabu vingi bado vinachapa namba ya mwaka 1952.